Kipindi cha dini kipo katika ratiba, maalimu yuko wapi?

 

Ndugu msomaji, ukitokea Kidatu kwenda Ifakara, milima ya Udzungwa huwa mkono wako wa kulia na bonde la Kilombero mkono wa kushoto. Ukishapita Mang'ula na Kisawasawa unaingia Kiberege, mji mdogo ambao wengi wanaujua kwa gereza lake kabla ya kuujua kwa jambo jingine. Wakazi wake wengi ni wakulima wa mpunga. Wamo Wandamba, Wambunga, Wapogoro, Wabena, Wahehe, na wageni waliokuja na reli ya TAZARA, au kwa kazi ya miwa, au kwa kufuata ardhi. Waislamu na Wakristo wamechanganyika, aghalabu ndani ya ukoo mmoja. Ukienda msibani unakuta wajomba wamevaa rozari na baba wadogo wamevaa kofia, sufuria ni moja, na anayechinja anajulikana.

Nami nilifika huko kwa maziko ya jamaa yetu, mwezi wa Mei, mpunga ukiwa umeanza kuiva. Siku ya pili mwenyeji wangu alikuwa na haja ya kuonana na mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ya serikali iliyo jirani, nikamsindikiza. Tulikuta ndiyo saa ya kipindi cha dini. Katika darasa lililo karibu na ofisi alikuwamo katekista wa Kikatoliki, daftari mkononi, watoto wametulia. Darasa lililofuata walikuwamo watoto wa madhehebu mengine ya Kikristo pamoja na mwinjilisti wao. Watoto wa Kiislamu walikuwa nje chini ya mwembe, nao kwa makadirio yangu hawakupungua hamsini. Wavulana walikuwa wanafukuzana, wasichana wamekaa juu ya mizizi, na baadhi yao wamepewa mafagio ili wasikae bure.

Nikamwita binti mmoja aliyejitanda mtandio mweupe. Akaniamkia vizuri, nikaitikia.

"Mbona mko nje, mwanangu?"

"Maalimu wetu hajaja, shehe."

"Alikuja lini mara ya mwisho?"

Akamtazama mwenzake kama anayeomba msaada wa hesabu. "Kabla ya palizi," akasema.

Mwalimu mkuu, ambaye ni Mkristo, hakuficha kitu. "Shehe, kipindi ninacho, kila wiki kipo. Wenzenu wa msikitini nimewaandikia barua mara mbili. Ningeweza kuwaingiza watoto hawa kwenye hisabati, maana matokeo yetu yanahitaji hivyo, lakini nikifanya hivyo nitakuwa nimewanyang'anya haki yao."

Niliona haya. Mtu asiye wa dini yetu alikuwa ameitunza haki ya watoto wetu kwa miezi kadhaa, na sisi wenye haki hatukutokea kuipokea. Makala ya leo imetokana na haya hiyo.

Imezoeleka miongoni mwetu kusema kwamba shule ya serikali haina dini kwa kuwa serikali haina dini. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 3, inaitaja nchi yetu kuwa ni nchi isiyokuwa na dini. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani na wa kuchagua dini, inaifanya kazi ya kueneza dini kuwa huru na ya hiari, na inauweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ukizisoma ibara hizo mbili kwa pamoja utaona kuwa asiye na dini ni dola. Raia wake wanazo, na dola inalijua hilo. Wimbo wetu wa Taifa ni dua kuanzia mwanzo hadi mwisho. Rais anapoapishwa hushika kitabu cha dini yake, na sote tulimwona Rais Samia Suluhu Hassan, mwezi Machi 2021, akila kiapo na Msahafu mkononi. Idi mbili na Maulidi ni mapumziko ya Taifa kama zilivyo Krismasi na Pasaka.

Kipindi cha dini shuleni kimejengwa juu ya msingi huo huo. Serikali hutoa chumba, watoto na muda katika ratiba. Jumuiya ya dini hutoa mwalimu na mafundisho. Sehemu hii ya pili ndiyo iliyotushinda pale Kiberege, na nachelea kusema kuwa si Kiberege peke yake.

Suala lenyewe ni la kale. Wajerumani walipokuwa wanaanzisha shule ya serikali Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1890, Gavana von Soden alifikiria kumweka humo mwalimu wa Qur'ani, ili Waislamu wa pwani wasiogope kuwapeleka watoto wao. Wamisionari walipinga kwa nguvu na wazo likaachwa. Shule ikaendelea bila ya somo la dini yoyote, na watoto wa Kiislamu waliingia hata hivyo, wakatoka makarani na maakida. Waingereza walikuja na njia nyingine. Baada ya Tume ya Phelps-Stokes kupita Afrika Mashariki mwaka 1924, serikali ya kikoloni ilishika mpango wa kuzipa ruzuku shule za misheni badala ya kujenga za kwake kila mahali. Katika sehemu nyingi za bara, kusema shule ilikuwa ni kusema misheni. Mzazi wa Kiislamu akabaki na milango miwili, na kila mmoja una gharama: ampeleke mtoto misheni akihofia kuwa atarudi na jina jingine, au ambakishe chuoni ahitimu Qur'ani na asiweze kuandika barua ya kuomba kazi. Wengi walichagua mlango wa pili. Siwalaumu wazee wetu, kwani hofu yao haikuwa ya kubuni. Lakini deni la uchaguzi ule limelipwa na wajukuu, na bado tunalilipa.

Walikuwapo walioona mapema kuwa elimu mbili hizi hazina ugomvi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alilitumia gazeti lake la Al-Islah, mwaka 1932, kuwaamsha Waislamu katika jambo hili. Dar es Salaam, jumuiya ya Al-Jamiatul Islamiyya, iliyoundwa mwaka 1933, ilifungua shule yake, na East African Muslim Welfare Society, iliyoanzishwa mwaka 1945, ilijenga shule katika nchi zetu hizi mpaka ilipopigwa marufuku nchini mwaka 1968. Zanzibar ilikwenda njia tofauti, maana huko Qur'ani iliingizwa katika shule za serikali zenyewe. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyetuachia tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili, alikuwa mwalimu wa shule za serikali kabla ya kuwa kadhi, na sijapata kusikia kuwa chaki ilimpunguzia uchamungu.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na shule za mashirika ya dini zikachukuliwa na serikali ili watoto wa dini zote waingie kwa haki sawa. Likafuata Azimio la Musoma la mwaka 1974 na mpango wa elimu kwa wote. Mimi ni zao la mpango huo. Asubuhi nilikuwa shuleni, jioni chuoni, na usiku nikiulizwa na baba yote mawili. Lakini tazama kilichotokea baada ya hapo. Makanisa yalipoteza majengo, hayakukaa chini kulia. Yaliwafundisha makatekista, yakawapangia shule, yakakichukua kile kipindi kimoja kilichobaki na kukifanya kiwe na maana. Sisi tuliofunguliwa mlango tulifurahia kufunguliwa, tukasahau kuingia na mwalimu.

Najua yuko msomaji ambaye hapa atasema: shehe, mbona umetuelemea sisi tu, na dhulma husemi? Nitazisema. Mwaka 1992 Serikali ilitia saini mkataba wa maelewano na makanisa kuhusu huduma za elimu na afya, na Waislamu wameuliza mara nyingi kwa nini wao hawana mfano wake. Ni swali la haki. Katika bonde hili hili, hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara inatibu watu wa dini zote, na mimi nawaombea kheri wanaoihudumia. Bado naruhusiwa kuuliza ya kwetu iko wapi, na nikiuliza hivyo kwa uaminifu, sehemu ya jibu itanirudia mwenyewe. Mwaka 2012, matokeo ya kidato cha sita ya somo la Maarifa ya Uislamu yalizua malalamiko makubwa, na Baraza la Mitihani likakiri kasoro katika ukokotoaji, likayarekebisha. Hilo lilituuma. Lakini tujiulize kwa nini lilijulikana. Lilijulikana kwa sababu palikuwa na watahiniwa, na palikuwa na walimu wa somo walioweza kusema kuwa alama hizi hazifanani na vijana tuliowafundisha. Watoto wa chini ya mwembe wa Kiberege hakuna wa kuwasemea, kwani hawana alama hata ya kukosewa.

Allah (s.w.), katika Suratul-Maida aya ya 8, ametuamrisha kushika uadilifu hata pale chuki inapotuvuta upande. Wanazuoni wetu wametufundisha kuwa insafu ya mtu huanzia katika nafsi yake.

Wapo pia wanaoona kuwa shule ya serikali haifai kabisa kwa mtoto wa Kiislamu, kwa kuwa walimu wengi si Waislamu. Hao nawarudisha Badri. Mateka wa Makka waliokosa mali ya kujikomboa, na wakawa wanajua kusoma na kuandika, waliwekewa fidia ya kuwafundisha watoto wa Answari, kila mmoja watoto kumi. Walimu hao walikuwa washirikina, tena walitoka vitani kupigana na Waislamu. Mtume (s.a.w.) hakuziogopa herufi zao, kwa sababu jioni watoto wale walirudi kwenye nyumba na msikiti uliowafundisha wao ni nani. Hofu ya leo ingekuwa na nafasi ndogo sana kama tungekuwa na uhakika wa jioni hiyo.

Kuna hasara nyingine, nayo inawahusu hata majirani zetu wasio Waislamu. Mwezi Oktoba 2012, Mbagala, watoto wawili walibishana kuhusu Msahafu, mmoja wao akaukojolea. Watu wazima wakatoka wakashambulia na kuchoma makanisa. Nililifikiria sana tukio lile. Mtoto yule aliyeudhalilisha Msahafu hakuwa amefundishwa na mtu yeyote jirani yake anakiheshimu nini. Na wale waliobeba mawe na moto, je, wao walikuwa wamefundishwa nini? Anayejua dini yake kwa mwalimu anajua pia mipaka ambayo dini yake imemwekea juu ya wengine. Aya ya 256 ya Suratul-Baqara imefunga mlango wa kumtia mtu dini kwa nguvu, na Waislamu wa kwanza walipokimbia mateso ya Makka walipewa hifadhi Habasha, chini ya mfalme wa Kikristo. Mambo haya mtoto hayaoti. Hufundishwa akiwa darasa la nne, la tano, la sita, katika kipindi kile kile tunachokiacha kipite.

Tusidhani pia kuwa nafasi tuliyonayo wanayo wote. Jirani zetu wa Kenya waliburutana mahakamani kwa ajili ya hijabu ya wasichana wa shule moja ya Isiolo yenye asili ya Kanisa la Methodisti. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwaruhusu kuivaa. Mwezi Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, kwa hoja ya namna dai lilivyofikishwa mahakamani, ikaitaka wizara itoe mwongozo. Kwetu, yule binti wa Kiberege alikuwa na mtandio wake kichwani katika shule ya serikali, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Kwa hiyo mavazi ya dini tumeyapata. Elimu ya dini ndiyo iliyobaki chini ya mwembe.

Nilimtafuta yule maalimu. Mji mzima ulikuwa unamjua, na kesho yake nilipelekwa kwake, nusu saa kwa pikipiki, nikamkuta katika dungu lake akifukuza kweleakwelea. Wakulima wa Kilombero wanajua: familia huhamia mashambani msimu mzima, na anayeacha mpunga siku mbili atavuna mabua. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, amehitimu Qur'ani, anajua fiqhi ya ibada vizuri, na ana adabu.

"Nilianza kwa moyo," akaniambia. "Shule tatu, kwa baiskeli. Niliahidiwa debe la mpunga kila mwezi. Nililipata mara moja, shehe. Sasa wanangu nitawapikia kipindi?"

Nikamuuliza kama anao muhtasari wa somo. Hakuwahi kuuona. Hakujua kuwa upo mtihani wa Elimu ya Dini ya Kiislamu kwa shule za msingi, unaosimamiwa na Islamic Education Panel, ambao watoto wa shule zake tatu wangeweza kuufanya kama wenzao wa mijini. Mtaala mpya wa Taifa ulianza kutumika Januari 2024, vitabu vinabadilika, lakini kitabu hakiwezi kupanda baiskeli na kwenda shule tatu. Mlinganishe na yule katekista. Yeye ameteuliwa na parokia, ameandaliwa kwa kazi hiyo, akiumwa anajulikana wa kumshikia nafasi. Wa kwetu tulimpa baraka zetu na ahadi ya debe.

Wengine wanataka Serikali imlipe maalimu huyu mshahara. Nimelisikiliza hoja yao kwa makini, na wanaoitetea si watu wa kubezwa. Mimi sijaridhika nayo. Anayelipa huchagua, na anayechagua huelekeza. Leo tungefurahia mshahara na kesho tungelalamika kuwa ofisi fulani inatuchagulia cha kufundisha. Ile ibara ya 19 iliyoiweka mbali mikono ya dola ni ngao yetu kabla ya kuwa kizuizi chetu. Serikali ilinde kipindi, imlinde mwalimu asizuiwe getini, isiruhusu mtoto yeyote kulazimishwa ibada isiyo yake. Riziki ya mwalimu ni amana ya Waislamu.

Na Waislamu wa Kilombero wanayo mali ya kuitekeleza amana hiyo, tena iko shambani. Nasema juu ya zaka ya mazao. Nisabu yake ni wasaki tano, takriban kilo 650 za nafaka iliyosafishwa. Mpunga unaohifadhiwa na maganda yake, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, huhesabiwa wasaki kumi, yaani takriban kilo 1,300. Aliyelima kwa mvua hutoa sehemu moja ya kumi, aliyemwagilia kwa gharama hutoa nusu ya hiyo. Piga hesabu nami. Mkulima aliyevuna magunia 20 ya kilo 80 ana kilo 1,600, ameivuka nisabu, na zaka yake ni magunia mawili. Wakulima kumi wa namna hiyo wanatoa magunia ishirini. Maalimu wetu ni maskini kwa sifa zote za kisheria, kwa hiyo ni miongoni mwa wanaostahiki bila ya hata kuingia katika hitilafu ya wanazuoni juu ya fungu la njia ya Allah. Hana haja ya kupewa yote ishirini. Sita yatamtoa dunguni.

Ijumaa ile imamu wa msikiti niliosali aliniachia mimbari. Sikuhutubia juu ya Katiba wala Wajerumani. Niliwaeleza juu ya mwembe, mafagio, na barua mbili za mwalimu mkuu, nikawapa hesabu ya magunia. Baada ya sala hawakuondoka. Barua ya kwanza ilipatikana ndani ya Msahafu mmoja kwenye rafu, haijafunguliwa. Ya pili alikuwa nayo mzee aliyekuwa mwenyekiti wa msikiti, ambaye alisimama mwenyewe akaomba radhi, na hilo lilihitaji moyo.

Waliafikiana kuwa zaka ya mpunga wa mavuno hayo ikusanywe msikitini kwa maandishi, kwamba kijana mmoja mwenye kidato cha nne afuatilie muhtasari Ifakara na Morogoro, na kwamba wakati wa palizi na wa ndege, vijana wa msikiti wapokezane siku moja ya wiki katika shamba la maalimu ili yeye awepo shuleni. Wazo hili la mwisho lilitoka kwa mama mmoja nyuma ya pazia, wala si kwangu.

Karatasi ilipoanza kupita, mzee mmoja aliuliza kama gunia linalohesabiwa ni la kawaida au ni lumbesa. Watu wakacheka. Nikamjibu kuwa zaka hupimwa kwa kipimo cha haki, lakini akitaka kutoa lumbesa mlango wa sadaka haujafungwa. Akaandikisha magunia mawili, jina lake likiwa la kwanza.

Wabillahi taufiiq.